Pikipiki Kama Ilivyotoka Dukani

Hamisi, mwanangu na bingwa wangu,

Salamu ya amani nilikupa asubuhi ulipotoka, kwa hiyo ya kwenye karatasi naifupisha. Sasa ni alasiri. Wewe uko Kibuli kwa bibi yako unaaga, na najua hutatoka huko kabla hajakulisha mara mbili. Nimefunga kibanda mapema. Majirani wa Kisenyi wamekuja kuuliza kama naumwa, nikawaambia mimi mzima kabisa, ila leo siuzi plagi wala cheni, leo namwandikia mwanangu.

Sitaandika habari za sweta, wala za kula kwa wakati, wala za marafiki wabaya. Shangazi yako Nuru amekwisha kuyasema yote hayo na kesho atayasema tena kwenye stendi ya basi, mbele ya abiria, na wewe utatikisa kichwa kwa adabu. Mimi nataka kukuandikia habari za mbio. Najua utacheka, maana mbio ni zako, mimi ni muuza spea tu. Lakini kuna upande wa hadithi hii ambao hukuwahi kuuona, kwa sababu wakati huo ulikuwa umeninunia.

Jambo moja kabla sijaanza. Majina makubwa sitayaandika. Ukipekuliwa mpakani, askari asome habari za pikipiki mpaka achoke mwenyewe. Yule unayemjua nitamwita Kapteni tu, na makapteni nchi hii ni wengi.

Unakumbuka shangazi yako alipokuja kuangalia mbio mara ya kwanza? Aliona pikipiki zimepangwa pale viwandani akanivuta mkono. "Wifi, hizi si ndizo za watu kwendea kazini? Ile pale ina hata kiti cha abiria." Nikamwambia ndiyo, hizo hizo. Nikamweleza kwamba kuna mbio za mashine maalumu zinazotengenezwa kwa mbio tu, za matajiri huko Ulaya, na kuna hizi zetu za pikipiki za dukani. Lazima iwe ile ile ambayo mtu yeyote angeweza kuinunua. Taa unang'oa, na vioo, na kibao cha namba, ili mtu akianguka visimchome. Tairi unachagua, cheni unabadilisha. Lakini injini iwe kama ilivyotoka kiwandani, kila kipande. Mkimaliza, tatu za kwanza zinafungiwa ndani ya kamba na hakuna anayezigusa, hata kwa kitambaa cha kufutia vumbi, mpaka mkaguzi azifungue mbele ya watu. Shangazi yako akafikiri kidogo, akasema, "Kwa hiyo anayeshinda bado hajashinda." Mwanamke yule anasema mengi, lakini siku ile alisema la maana.

Mimi niliyemweleza vizuri hivyo ndiye niliyekuwa sijaelewa. Mwaka jana uliposhinda mbio yako ya kwanza kabisa, ushindi ule ulidumu muda wa kumaliza soda. Mzee Kato, mkaguzi, fundi mstaafu wa reli, aliinua silinda yako na kukuta chini yake ile gasketi, karatasi ya kuziba maungio ya injini, niliyoikata mimi kwa mikono yangu. Tangu maduka yawe matupu, Kisenyi nzima tunajikatia wenyewe. Unalaza kadibodi juu ya chuma, unagonga ukingoni kwa nyundo ndogo, taratibu, mpaka umbo linajikata. Ya kwako niliikata kwa boksi la biskuti na nilijivunia sana. Upande mmoja ulikuwa bado na picha ya biskuti.

"Mama Hamisi, hii kalatasi nani nakata?" akauliza.

"Mimi."

"Umekata muzuri sana. Lakini si ya kiwanda."

"Imemwongezea mbio?"

"Hapana. Iko nene. Napunguza."

"Basi nimemwumiza mwanangu mwenyewe. Mbona unaniadhibu kama mwizi?"

"Mama, sheria hapana uliza kama iko mbio ao iko pole. Nauliza kama iko sawa na zingine."

Wakakufuta. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika, na wewe uliniondoa pale kwa kunishika bega, umri wako ule, mbele ya watu. Nilikasirika siku nyingi. Nilikuwa nikiamini kwamba haki ni kutomwibia mtu, na kwa kuwa sikuwa nimeiba, nilikuwa na haki. Kumbe mchezo huu unadai kitu kingine. Unadai wote mwanze na kitu kile kile, ili tofauti itakayobaki iwe ya mtu. Mimi, kwa ufundi wangu wote, niliweka mkono wangu katikati, na mkono wangu ndio uliokufuta.

Kosa la pili unalijua kwa mfupa wako wa bega. Mbio ya kwanza ya msimu huu nilikuvuta sikio pale mstari wa kuanzia nikakwambia, leo wa kwanza, la sivyo usirudi nyumbani. Ulikuwa wa tatu, ukiendesha vizuri, na ubavuni kwako kulikuwa na mchanga. Ukanitii mimi badala ya macho yako, ukajaribu kupita juu ya mchanga ule, ukalala chini. Ubingwa unapatikana kwa kujumlisha pointi za msimu mzima. Wa kwanza anapata nyingi, wa pili pungufu kidogo, wa tatu pungufu tena, na aliyeanguka anakwenda nyumbani na sifuri yake. Pointi za wa tatu zingekutosha kabisa siku ile. Mimi nilitaka kumwona Mzee Kato akikutangaza wewe, kwa hasira zangu za mwaka jana, nikakununulia sifuri. Tangu siku hiyo sijakuvuta sikio tena, na kama umeona nafunga mdomo kwenye mstari wa kuanzia, ndiyo sababu.

Baada ya kuanguka ilibidi injini ifunguliwe, na ikifunguliwa inataka gasketi mpya. Ya kiwandani haikuwepo Kampala nzima, isipokuwa mahali pamoja. Na tulijua kilichokuwa mezani: bingwa wa msimu angechukuliwa na timu ya Nairobi kuendesha huko, kwa mkataba, kwa barua halali. Ulikuwa ukiota barua hiyo. Mimi nilikuwa nikiiota zaidi yako, kwa sababu ambazo nitazifikia.

Mahali penyewe ni lile duka la pikipiki nilikofanya kazi kaunta miaka yote ya ujana wangu, kwa yule mzee Mhindi, mpaka Wahindi walipoamriwa kuondoka. Duka akapewa Kapteni. Na mpwa wa Kapteni, Juma, ndiye aliyekuwa mpinzani wako. Wewe ulisema tusikanyage pale. Nilikwenda ukiwa umelala na bega lako limefungwa.

Kaunta alikuwepo yule binti Akello, mke wa polisi wa Naguru, mpole. Akaniambia gasketi hakuna. Nikamwambia ipo. Tukabishana kwa heshima mpaka Kapteni akatoka ofisini na sare yake.

"Nani nasema iko?"

"Mimi, afande. Iko stoo, nyuma ya matairi, rafu ya juu, ndani ya pakiti za kahawia."

"Wewe najua namna gani stoo yangu?"

"Niliipanga mimi."

Akello akainamisha macho kwenye kaunta. Mwanangu, mtu kama yule akikutazama hivyo, unaanza kuhesabu watoto wako.

"Na gasketi ni ya pikipiki gani?"

Hapo ningeweza kusema uongo. Nilisema, "Ya Hamisi wangu. Ile inayoshindana na ya Juma."

Akaingia stoo mwenyewe. Tulimsikia akihamisha matairi. Alirudi na vumbi begani na pakiti mkononi, akaigeuza geuza, na nikaona amechukizwa, lakini si na mimi.

"Juma nataka funga gasketi ya kadibodi," akasema. "Kadibodi. Na mimi nakaa juu ya mali hii yote, hapana jua." Akaisukuma pakiti upande wangu. "Chukua. Lakini Jumamosi zote wewe nakuja hapa, napanga stoo. Kitu yoyote unafunga kwa kijana yako, unatoa sawasawa kwa Juma. Nasikia?"

"Nimesikia, afande."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Wewe ulijua mwisho wake tu, kwamba mama yako anafanya kazi kwa adui kila Jumamosi. Uliniambia, "Mama, umewapa silaha yetu." Ukahamia kwa shangazi yako na ukawa unapita mbele ya kibanda changu bila kugeuza shingo. Mtaani walisema Rukia amenunuliwa. Wengine walisema Rukia ni mjanja, ana mpango wake. Leo nakwambia sikununuliwa na sikuwa na mpango wowote. Niliogopa. Nilisema ndiyo kwa sababu mtu yule aliniuliza kama nimesikia. Anayesema hakuwahi kuogopa katika miaka hii ni mwongo, na mimi simkopeshi hata plagi.

Lakini woga ulinifikisha mlangoni tu. Kazi yenyewe niliifanya kwa sababu naipenda. Nilipoingia stoo ile na kukuta vitu vilivyotupwa hovyo, pistoni zimechanganywa na taa, nilisikia uchungu wa kweli. Nikapangusa, nikatenga, nikamfundisha Akello kusoma namba za pakiti. Kila nilichokuletea wewe, pacha wake nilimwekea Juma kwenye boksi lake.

Jumamosi moja, kabla ya mbio ya mwisho, nilikuwa peke yangu mle ndani na ringi mbili za pistoni mkononi. Nilizishika kwenye mwanga wa dirisha. Moja ilikuwa na ufa, mwembamba kuliko unywele. Ingefunga vizuri, ingekwenda vizuri, na katikati ya mbio ingevunjika. Hakuna mtu duniani angejua. Nilisimama pale muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka. Nilikuwaza wewe kwenye basi la Nairobi. Halafu nikamwaza Juma, ambaye wewe humpendi na mimi pia simpendi sana, amekaa pembeni ya barabara na pikipiki iliyozimika, na wewe unapita na kuitwa bingwa. Bingwa wa nani? Nikaikunja ile yenye ufa mpaka ikakatika, nikaitupa, nikachukua nyingine nzima rafuni nikamwekea. Nilipotoka nje nilikuwa na furaha ambayo sikuielewa, nikanunua muhogo wa kuchoma nikala njiani peke yangu.

Mbio ya mwisho mlifika pointi zenu sawa. Atakayekuwa mbele ndiye bingwa. Petroli yenyewe ilikuwa ya taabu siku zile, kwa hiyo wote mlijaziwa kutoka pipa moja, na Mzee Kato alisimama juu ya pipa lile kama mama mwenye chungu cha harusi. Nilikaa karibu na ghala la kahawa, mahali ambapo barabara inapinda. Kila mzunguko mlipita mmefuatana, Juma mbele, wewe nyuma, injini mbili zikilia sauti moja. Shangazi yako alikuwa ameniumiza mkono kwa kuubana. "Yule anazidi," alikuwa akisema. "Wifi, yule anazidi." Nikamwambia hazidi, pikipiki yake haiwezi kuzidi, naijua hadi tumboni.

Na mzunguko wa mwisho, kwenye kona yangu ile, Juma alishika breki pale anaposhika siku zote. Wewe hukushika. Nilihesabu moyoni na bado hukushika. Uliingia upande wa ndani, goti lako likapita juu ya ukingo wa mtaro, ukabana breki wakati ambapo mimi nilikuwa nimekwisha kufumba macho. Nilipofumbua ulikuwa mbele. Hapo hapakuwa na gasketi wala ringi wala Rukia. Ulikuwa wewe peke yako, mwanangu, na sijawahi kuona kitu kizuri kama kile.

Ukavuka mstari, watu wakaruka, na mimi nikaanza kulia na kucheka pamoja. Kisha Kapteni akapita katikati ya watu na askari wake, na kelele zikakatika.

"Napinga," akasema. "Mimi nafungua yote mbili. Hapa. Sasa."

Kufunguliwa zingefunguliwa tu, na kutaka zilinganishwe papo hapo ilikuwa haki yake, kanuni inaruhusu. Lakini uliona watu walivyoanza kurudi nyuma, na hata wale waliokubeba wakakuteremsha. Mzee Kato akapiga magoti, akatandaza kitambaa kimoja, akaanza. Kipande chako kushoto, kipande cha Juma kulia. Alipima kila kitu kwa chombo chake na kila mara alisema neno moja: "Sawa." Pistoni, sawa. Ringi, sawa. Alipofika kwenye gasketi nilisogea karibu, ingawa niliijua gasketi ile kuliko nijuavyo kiganja changu. Akaziweka mbili pembeni kwa pembeni. Akazigeuza. Akainuka, magoti yakilia, akamtazama Kapteni usoni, jambo ambalo watu walikuwa wameacha kulifanya.

"Afande, pikipiki iko moja," akasema. "Mutu ndiyo iko mbili."

Kapteni aliangalia kitambaa kile, kipande kwa kipande. Nadhani alikuwa akitafuta pa kushika, na hakupaona, kwa sababu kila kilichokuwa pale kilitoka kwenye duka lake. Kama gasketi yako ingekuwa ya boksi la biskuti, angekuwa na neno. Kama ringi ya Juma ingevunjika, angekuwa na neno kubwa zaidi, na sisi leo hatujui tungekuwa wapi. Alinitafuta kwa macho kati ya watu, akanipata, akaniitikia kwa kichwa mara moja. Halafu akamwambia mpwa wake, "Peya yeye mukono." Juma akaja akakupa mkono, na ulipoupokea nilijua umeacha kuninunia. Jioni ile ulirudi nyumbani na begi lako, ukakaa kula. Nami nikakuongezea mchuzi.

Timu ya Nairobi ilipoandika, mtu aliyehitajika kutia sahihi kwamba unaruhusiwa kutoka nchini alikuwa rafiki wa Kapteni, na alitaka kuona sahihi ya Kapteni kwanza. Nilikwenda kwa Kapteni mwenyewe Jumamosi, nikiwa na vumbi la stoo mikononi. Aliitia sahihi barua yako akiwa amesimama. "Kijana yako nashinda mimi vizuri," akasema. "Mwambie yeye shinda hata Wakenya." Sikwambii umpende. Mimi mwenyewe nikikutana naye njiani bado navuka upande wa pili. Nakwambia tu jinsi ilivyokuwa.

Huko uendako spea ni tele, nasikia zimejaa hadi dirishani. Kutakuwa na fundi mwerevu atakayekunong'oneza kwamba tundu hili likichongwa kidogo tu hakuna atakayeona, na labda atasema kweli. Siwezi kuwa pale, na hata nikiwepo utakuwa umekwisha kuwa mkubwa wa kuvutwa sikio. Nimekwambia tu mahali niliposimama mimi, na nilichokuwa nimeshika, na jinsi ule muhogo ulivyokuwa mtamu.

Sasa zile sababu zangu. Hamisi, umewahi kuhesabu waliotoka mtaa huu? Mtoto wa jirani yetu aliruka ukuta wa nyuma, mama yake akajua asubuhi. Mwalimu wenu alipita porini hadi mpakani akiwa amevaa gauni la mkewe. Baba yako aliitwa nje na watu wenye gari, akaniambia anarudi sasa hivi. Zaidi ya hapo wewe unajua na mimi najua, na karatasi haina haja ya kujua. Katika nyumba hii hakuna mtu aliyewahi kuondoka nikamfungia chakula cha njiani.

Nasikia sauti yako kule nje, unasalimiana na watu, na kwa jinsi wanavyokucheka najua bibi yako amekubebesha kuku. Naifunga barua hapa. Usiifungue kabla basi halijatoka, maana nikikuona unaisoma nitalia, na mimi kesho sitaki kulia. Kesho nimepanga kuvaa lile gauni jipya la manjano, kusimama mbele kabisa ya watu wote pale stendi, na kukupigia vigelegele mpaka dereva ashangae. Utaona haya. Vumilia. Mwanangu anaondoka mchana kweupe, kwa jina lake mwenyewe, na mimi najua anakokwenda.

Mama yako,
Rukia